Kompyuta ya Kando ya Kitanda

Mume wangu alikaa kimya karibu mwaka mzima baada ya miguu yake kufa, na maneno ya kwanza ya maana aliyonitamkia yalikuwa swali kuhusu betri.

"Mwalimu," aliniita. Aliniita hivyo siku zote, hata tukiwa wawili tu. "Hii betri yetu ya sola ina uwezo gani?"

Nilikuwa uani nafua shuka zake. Niliingia ndani na mapovu mikononi, nikainama, nikamsomea maandishi ya ubavuni mwa betri. Alifumba macho akapiga hesabu kichwani. Nilisimama pale nikiogopa hata kujifuta mikono, nisije nikamkatisha.

"Inatosha," alisema. "Inatosha kompyuta ndogo. Ndogo kabisa."

Tulikuwa tunaishi Utende, ukingoni mwa Ghuba ya Chole, karibu na shule ya msingi niliyopangiwa kufundisha. Mimi mtu wa bara, nilikuja Mafia na sanduku moja nikidhani nitakaa kidogo niombe uhamisho. Yeye mzaliwa wa Juani, ng'ambo ya ghuba, mvuvi kama baba yake, lakini mwenye mikono ya fundi. Redio za kijiji kizima zilipita mezani kwake, na baadaye simu. Tulioana bomani, mbele ya mkuu wa wilaya, kwa sababu wazee wangu hawakutaka msikiti na wazee wake hawakutaka kanisa. Mama yake hakuja. Alituma samaki wa kukaanga kwenye bakuli lenye kifuniko, na bakuli lile tukalirudisha na mchele.

Masharti ya hifadhi ya bahari yalipokazwa, nyavu za namna fulani zilikatazwa, sehemu fulani za ghuba zikafungwa, na wavuvi wengi wakabaki wanaangalia maji waliyozaliwa nayo. Siwezi kusema hifadhi ilikuwa mbaya. Nilifundisha watoto kuhusu matumbawe na kasa, na niliamini nilichofundisha. Lakini jikoni kwangu samaki walipungua. Ndipo alipotokea tajiri mmoja mwenye boti na mitungi ya hewa, akawa anaajiri vijana wazamie majongoo ya bahari nje ya ghuba, kule kwenye kina kirefu. Majongoo hayakuruhusiwa, na mitungi haikuruhusiwa. Mume wangu aliniambia anakwenda kuvua mishipi. Tulikuwa tunaezeka nyumba, na mabati yalitaka fedha.

Siku moja alizama mara nyingi mno na akapanda juu upesi mno. Ndani ya boti alilalamika kwamba mabega yanamuuma, kisha akasema hasikii nyayo, kisha hasikii magoti. Wenzake walimlaza chini ya turubai wakasubiri. Boti ya doria ilikuwa inazunguka, na kumpeleka mtu zahanati ilikuwa ni kujipeleka wenyewe. Waliniletea kesho yake wakati wa adhuhuri, wamembeba kwenye mlango wa mbao. Tajiri mwenyewe alitangulia hadi kizingitini.

"Mwalimu, pole sana," alisema. "Mwenzio kaanguka mnazi."

Nilimvua shati mume wangu nikamkagua. Hakuwa na hata mchubuko. Nilimtazama usoni, naye akageukia ukutani. Hospitali waliandika kwamba ameanguka mnazi. Walipompiga picha ya mgongo hawakuona mfupa uliovunjika, daktari akakuna kichwa, akatuambia tusubiri, huenda miguu ikarudi. Haikurudi. Ukweli niliupata kwa vipande vipande kutoka kwa mke wa mmoja wa wale waliokuwa naye, tukiwa kisimani. Yeye mwenyewe hakuniambia, nami sikumuuliza. Nyumba ikakaa hivyo, na mnazi wake ambao haukuwapo.

Kwa hiyo alipouliza kuhusu betri, ningemkubalia hata angetaka kununua meli.

Mpango wake ulikuwa huu. Utende mtu aliyetaka barua ya kuchapwa, au fomu, au picha ndogo ya kitambulisho, ilimlazimu kupanda gari hadi Kilindoni, na akifika huenda akute umeme wa kisiwa umekatika. Yeye angekuwa na kompyuta kando ya kitanda na printa ndogo, watu waje dirishani. Hakuhitaji miguu kwa kazi hiyo.

"Si ununue laptopu?" nilimuuliza. "Hata mwalimu mkuu anayo."

"Laptopu ya bei yetu ni mtumba uliochoka. Ikifa kioo, imekufa yote. Chumvi ya hapa itaila mwaka mmoja tu. Mimi nataka kitu nitakachokifungua mwenyewe, kikiharibika kipande nibadili kipande."

Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na kwenye simu ile, pale mtandao ulipokubali, alisoma kuhusu kompyuta kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilirudi shule nikakuta ana habari mpya. Aliamua haitakuwa na feni hata moja, kwa sababu feni huvuta hewa, na hewa yetu ni chumvi. Kwa hiyo prosesa iwe ya aina isiyopata joto, hata kama ni ya polepole. Barua haikimbii, alisema. Ule ubao mkuu ambao mafundi wanauita mazabodi uwe mdogo, unaoweza kulishwa umeme wa betri moja kwa moja, bila kuupitisha kwenye mashine ya kuubadilisha inayopoteza nusu njiani. Kioo kiwe kidogo, nacho kitumie umeme wa betri hiyo hiyo. Kisanduku chake kisizidi mkate wa boflo, kikae kwenye kibao nitakachompigilia ukutani mahali mkono wake unapofika. Kila jambo lilikuwa na sababu, na kila sababu ilianzia kitandani pale.

Kilichokuwa kidogo kuliko vyote kilikuwa bajeti. Mshahara wangu ulilisha nyumba na kununua dawa na mipira ya mkojo. Kila alipoongeza kitu upande mmoja alipunguza upande wa pili. Aliondoa spika. Akaondoa diski kubwa, akabaki na ndogo isiyozunguka. Ramu akasema tuanze na kijiti kimoja, nafasi ya pili ibaki wazi, tutaijaza Mungu akijalia. Kitu kimoja tu alikataa kukipunguza, kile kifaa cha kugawa umeme. "Hapo ukinunua rahisi," alisema, "umenunua moto."

Mama yake alianza kuja wakati huo. Alivuka kutoka Juani na mtumbwi wa wakulima wenzake wa mwani, akafika na mafungu ya mihogo au pweza mkavu, akaketi kwenye mkeka karibu na kitanda. Aliusikiliza mpango wote. Mwanawe alimweleza kwa subira, akichora hewani kwa kidole.

"Nimesikia," alisema mwishowe. "Hiyo kompyuta itakutembeza?"

"Haitanitembeza, mama."

"Basi nunueni mbuzi."

Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza hadi pwani. Alifungua pindo la kanga yake akanitilia mkononi fedha zake za mwani, zimelowana jasho. Hakusema za nini. Nilijua hazikuwa za mbuzi.

Tajiri naye alikuja. Hakuwa amefika tangu siku ile ya mlango. Alivaa kanzu safi, akavua viatu nje, akasalimia kama mtu aliyekuja msibani. Mume wangu alikuwa mdogo kwake kwa umri.

"Shikamoo, tajiri."

"Marahaba. Vipi hali?"

"Alhamdulillahi. Unavyoniona."

Tajiri alitazama dari, akatazama ndoo chini ya kitanda, akatazama pembeni. Alisema amesikia habari za kompyuta. Iliyokuwa ofisini kwake Kilindoni alikuwa anaibadilisha, bado nzima, kubwa, na kioo chake na printa yake. Angeituma kesho yake na gari. Bure. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kuna watu wa hifadhi wanapitapita kuulizauliza mambo ya zamani, na kwamba mambo ya mnazi yabaki ya mnazi.

Nilikuwa mlangoni na trei ya chai. Kompyuta nzima na printa yake, bila kujinyima tena! Nilimtazama mume wangu, nikitaka aseme ndiyo.

"Ina wati ngapi?" aliuliza.

"Sijui mimi mambo hayo. Ni kubwa tu."

"Mashine ya namna hiyo itakula betri yangu kabla ya saa moja kwisha, tajiri. Ina mafeni matatu, manne. Haifai hapa." Alisema taratibu, kwa adabu kabisa, kama fundi anayemweleza mteja. "Nashukuru. Lakini haifai."

Tajiri alikunywa chai nusu kikombe, akaaga. Alipotoweka nilimgeukia mume wangu nikamwambia tungeweza kuiuza. Tungeiuza na kununua hizo mazabodi zako tatu. Nililia kwa hasira.

"Ungeiuza," alisema, "kisha ningekuwa nimeanguka mnazi kweli."

Hiyo ndiyo siku aliyokiri mbele yangu, bila kukiri.

Kidonda kilianza masika yale. Mtu asiyehisi mwili wake hulala juu ya maumivu bila kujua. Nilimgeuza asubuhi kabla ya shule, nikamgeuza mchana, jirani akanisaidia kati, lakini mvua zilikuwa nyingi na godoro halikukauka. Kidonda kilitokea juu kidogo ya tako, kwanza chekundu, kisha cheusi, kisha kikafunguka. Nilikisafisha kwa maji ya chumvi. Siku moja nikikisafisha niliona kitu cheupe ndani, na nikajua ni mfupa. Nilikifunika, nikamwambia kinaendelea vizuri. Alikuwa ananisomea bei za vijiti vya ramu.

Daktari wa wilaya alisema apelekwe Dar es Salaam. Tukaamua safari iwe moja kwa mambo mawili, kidonda na kompyuta, kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa safari mbili. Tulimvusha kwa boti hadi Nyamisati, amelazwa juu ya magunia ya nazi, shangazi yake akamshika kichwa na mimi nikamshika miguu, ambayo haikuwa na haja ya kushikwa. Alitapika njia nzima. Kutoka Nyamisati tulikodi gari dogo, tukamlaza kiti cha nyuma.

Alipopata kitanda wodini, aliniambia niende Kariakoo kesho yake asubuhi. Nilikataa. Akasema, "Mwalimu, hapa wananifunga vitambaa tu. Wewe utakaa kunitazama navyofungwa?" Nikaenda.

Duka nililoelekezwa lilikuwa ghorofani, chumba chembamba chenye joto. Muuzaji alikuwa kijana mpole wa umri wa mdogo wangu. Nilimtajia mahitaji. Akanisikiliza, akatikisa kichwa.

"Dada, hiyo mazabodi imeniishia. Ninayo nyingine, ina nguvu zaidi, lakini inataka feni."

Nilimpigia mume wangu simu nikampa muuzaji. Mwanzoni yule kijana alisimama. Baadaye alivuta kigoda akaketi. Alisema, "Hapana, kaka, hiyo itachemka." Akasikiliza. Akasema, "Eeh, ukiweka bati nene kama kifuniko... eeh, joto litatoka." Akacheka. Kutoka kwenye simu nilimsikia mume wangu naye akicheka, kicheko chake cha zamani cha mezani kwa redio, kile nilichokifuata mpaka bomani. Nilijifanya naangalia waya zilizoning'inia.

Walikubaliana mazabodi ya tatu, iliyotolewa kwenye mashine ya benki fulani iliyofungwa, ndogo, haina feni. Muuzaji aliijaribu mbele yangu. Kijiti cha ramu alinipunguzia bei, na waya mmoja akanipa tu. Isipokuwa kioo na printa ndogo ya mtumba vilivyofungwa kwenye boksi, vyote viliingia kwenye mkoba wangu wa kwendea shule. Nilirudi hospitali naubana kifuani kwenye gari, na kwa mara ya kwanza tangu aumie nilijisikia mtu mwenye habari njema.

Nilimkuta ametazama dari.

"Nimepata vyote," nilimwambia.

Nikadhani ni homa. Nikamgusa, akanishika mkono.

"Kapita daktari kijana," alisema. "Kaniuliza nilianguka mnazi wa urefu gani. Nikamwambia sikuanguka mnazi. Nilizama."

"Akasemaje?"

"Kasema ugonjwa huu unajulikana. Kuna chumba cha chuma, mtu anaingizwa, anarudishwa kwenye mgandamizo kama wa chini ya maji, kisha wanampandisha polepole. Kasema ningewahishwa mapema, na ukweli ukasemwa, pengine ningetembea. Pengine, kasema. Hakusema hakika."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa anakohoa. Muuguzi alipita na toroli. Nilifikiria turubai lile na saa zote zile alizolala chini yake, na boti ya doria ikizunguka karibu, yenye watu ambao wangemfikisha hospitali.

"Fungua nione," alisema.

Nilimtolea kimoja kimoja juu ya shuka. Alikishika kila kipande, akakigeuza, akakinusa hata. Alipofika kwenye mazabodi alipitisha kidole pembeni mwake taratibu na machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, kwa sababu alikuwa amelala chali, na hakuyafuta. "Nzuri," alisema. "Ni nzuri hii."

Kidonda walikisafisha, wakakata nyama iliyooza, wakaturudisha nyumbani na dawa. Walisema mfupa umeshaingia usaha na kwamba tuwe waangalifu. Kuwa mwangalifu Utende, na godoro la sufi!

Aliiunga kompyuta asubuhi moja ya Jumamosi, amelalia ubavu wa kushoto, vipande vimepangwa kwenye sinia la kupembulia mchele. Mama yake alikuwapo, nami nilikuwapo. Kisanduku kilitengenezwa na fundi bati wa hapo hapo kijijini, kwa bati lililobaki tulipoezeka nyumba, lililokunjwa mara kadhaa liwe nene, lichukue nafasi ya feni. Alifunga skrubu za mwisho huku homa imempanda. Ilipowaka, kwanza kioo kilikuwa cheusi muda mrefu, kisha maandishi meupe yakashuka. Mama yake alisema "Bismillahi" kama aliyeona nyoka. Mume wangu hakushangilia. Aliweka kiganja juu ya kisanduku kupima joto, akakiacha hapo.

Alifanya kazi ile kwa msimu mmoja wa upepo wa kusi. Watu walikuja dirishani kama alivyosema. Wazazi walileta fomu, vijana walitaka picha, bibi mmoja wa Chole alikuja kuandikiwa barua kwa mwanawe aliyeko Oman. Lakini zaidi walikuja wavuvi walionyang'anywa nyavu na doria, wanataka barua ya kuomba msamaha au ya kulalamika. Aliwaandikia. Kabla ya kuchapa aliwauliza kwanza ilikuwaje hasa, na mtu akianza kuzungukazunguka alimwambia, "Sema kama ilivyokuwa. Barua ya uongo siandiki." Wengine walichukia wakaondoka. Wengine walikaa wakasema. Na kila kijana aliyekuja na habari za mitungi alimfunulia shuka akamwonyesha miguu yake, iliyokuwa imekonda kama fimbo za muhogo. Hilo lilinitia aibu mwanzoni, nikamkataza. Hakunisikia.

Tajiri alipata habari. Hakurudi kwetu, ila mitungi iliendelea kuzamishwa mahali pengine, na watu wa hifadhi walikuja mara moja wakaandika maelezo yake, wakaondoka nayo. Hatukusikia lolote baada ya hapo.

Homa ya mwisho ilimpata vuli. Alianza kuchanganya maneno, akawa ananiomba nimpunguzie kina. Hospitali ya wilaya walimtundikia maji, wakasema damu yote imeingia sumu ya kidonda. Alifariki mchana, wakati nimetoka kumnunulia uji. Nduguze walimvusha kwenda Juani siku ile ile, wakamzika kwao jua halijazama. Sikuwapo kaburini, wanawake tulibaki nyumbani kwa mama yake, wao wakisoma, mimi nikiwa sijui visomo vile, nikikaa tu katikati yao na kanga niliyoazimwa.

Baadaye nduguze walikuja Utende kuhusu mirathi. Hakukuwa na kitu cha kugawana. Walitaja nyumba, ambayo mabati yake nilichangia, na walitaja kompyuta. Mama yake aliwakatisha.

"Chombo hicho alikitengeneza akiwa kitandani kwa mwanamke huyu," alisema. "Nyinyi mlikuwa wapi siku za kitanda hicho?"

Wakaiacha. Nilitunga mitihani ya shule kwa ile kompyuta muda mfupi tu. Siku moja haikuwaka. Nilipoifungua niliona kutu ya kijani imeota kwenye viungio vya waya, chumvi imepenya hata pasipo feni. Niliwapelekea mafundi wa Kilindoni wawili. Mmoja alisema kipande hicho hakipatikani tena, mwingine hakutaka hata kuigusa. Niliiweka juu ya kabati.

Uhamisho wangu ulitoka mwaka uliofuata. Mama mkwe alivuka kuja kuniaga, akaketi kwenye mkeka ule ule, kitanda hakipo tena. Tulikula wali na changu. Hatukuzungumza mengi. Alinisindikiza mpaka lilipokuwa linasubiri gari la Kilindoni.

"Utakuja?" aliniuliza.

"Nitakuja, mama."

Nilikwenda mara moja tu, kumzika.